Somo: Kuandaa mahojiano ya pilipili kwa mtindo wa Hot Ones

Wengi wanaotazama Hot Ones, kipindi ambacho mgeni huhojiwa huku akila vipapatio vya kuku vyenye sosi ya pilipili, hudhani siri yake ni pilipili. Mimi nasema siri ni maswali. Pilipili humvua mgeni yale majibu ya kukariri aliyokuja nayo. Kama huna la maana la kumuuliza hapo, umebaki na mtu anayefuta jasho na kamasi.

Kipindi hiki cha Marekani kilibuniwa na Chris Schonberger na kuanza mwaka 2015, mwendeshaji akiwa Sean Evans. Vipapatio 10, sosi 10, ukali ukipanda hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Msome mgeni
Hapa ndipo penye kazi, tena tenga siku kadhaa. Evans hufukua mambo ya zamani ya mgeni hadi mwenyewe anashangaa ameyatoa wapi. Usimuulize msanii "ulianzaje muziki?" Ameshajibu hilo mpaka amechoka. Muulize kuhusu mstari mmoja wa wimbo, au onyesho lililomwendea vibaya na alichofanya siku iliyofuata. Maswali yanayodai kumbukumbu yatangulie, kichwa kikiwa bado kimetulia. Kuanzia kipapatio cha saba, fupisha. Mtu ambaye ulimi unawaka moto hasikilizi sentensi tatu.

Hatua ya 2: Panga sosi
Ukali hupimwa kwa kipimo cha Scoville, kilichobuniwa mwaka 1912. Pilipili aina ya jalapeno ina takriban vizio 2,500 hadi 8,000. Habanero, iliyo kali zaidi, huanzia kama 100,000. Pilipili mbuzi yetu ni jamaa ya habanero, basi iweke mwishoni. Anza na sosi ya nyanya yenye pilipili kidogo tu, kisha panda taratibu.

Hatua ya 3: Kula naye
Hili halina mjadala. Evans hula sambamba na mgeni. Ukimwacha ateseke peke yake, hayo si mahojiano tena, ni uonevu.

Hatua ya 4: Meza
Maziwa, maji, tishu. Mgeni akisema basi, ni basi. Hata mwanamuziki DJ Khaled aliishia njiani kwenye Hot Ones. Akimaliza, mpe nafasi aitangaze kazi yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Maji baridi hayatoshi?
Hayatoshi. Kapsaisini, kiini cha ukali, haiyeyuki vizuri kwenye maji. Maziwa yana protini iitwayo kasini, ambayo huinasa na kuiondoa ulimini. Mtindi nao unafaa.

Mbona wageni wengi wa Hot Ones hulalamikia sosi ya Da Bomb kuliko sosi ya mwisho?
Da Bomb Beyond Insanity huandikwa vizio 135,600 vya Scoville, wakati The Last Dab, ile ya mwisho, hutajwa kuvuka milioni 2. Ila Da Bomb imetiwa dondoo ya pilipili, ladha yake kali na chungu, na hupiga ghafla. Tarakimu pekee isikudanganye unapopanga sosi zako, zionje kwanza.

Mgeni wangu hali nyama, nifanyeje?
Mpikie koliflawa au muhogo wa kukaanga. Ukali uko kwenye sosi.

Mama ana vidonda vya tumbo na anataka kushiriki. Nimruhusu?
Hapana, hata akisisitiza. Mwenye pumu na watoto vilevile wasiguse. Na wewe unayepika sosi, vaa glavu, fungua madirisha, usijifute macho hadi umenawa kwa sabuni.