Maziwa Hayajashuka? Usikimbilie Glukosi

Nikiingia wodi ya wazazi asubuhi, swali ni lile lile: "Nesi, mbona maziwa hayatoki?" Kichanga ana siku moja duniani, na bibi yake keshakoroga glukosi kwenye kikombe. Bibi, kiweke kwanza hicho kikombe.

Yanayotoka siku ya kwanza ni dang'a, yale mazito ya manjano. Wako wanaoyaita machafu na kuyamwaga, kumbe ndiyo yaliyojaa kinga. Ni matone tu, lakini siku hiyo mtoto hunywa kidogo tu kila anaponyonya, kama kijiko kimoja cha chai. Maziwa mengi hushuka kati ya siku ya 2 na ya 4, maana homoni za mimba zilizokuwa zikiyazuia hupungua kondo la nyuma likishatoka. Aliyepasuliwa, mwenye kisukari au aliyetoka damu nyingi anaweza kuchelewa zaidi.

Kazi yako ni kumnyonyesha mara kwa mara: ndani ya saa ya kwanza, kisha mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku pia. Mpakate tumbo lake likuelekee, ngoja apanue mdomo wote, ndipo umsogeze yeye kwenye titi. Usiinamie wewe, mgongo utakusuta. Kidevu kiguse titi. Akibana chuchu tupu utaumia, na maziwa hayatatoka vizuri. Penyeza kidole safi pembeni mwa mdomo, mtoe, anza upya.

Kama amelala mno, kamua. Nawa mikono, ukande titi kwa kitambaa cha uvuguvugu. Gumba juu, kidole cha shahada chini, sentimita 2 au 3 nyuma ya chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Usivute chuchu wala kuteleza juu ya ngozi. Mwanzo hutaona kitu. Endelea, zungusha vidole upande mwingine, na tone la manjano litachungulia. Likinge kwa kijiko safi, mlambishe hapo hapo.

Uji wa pilipili manga alioleta mama mkwe? Kunywa, mwanangu, una njaa. Ila kinachoita maziwa ni mtoto kunyonya.

Siku yakishuka titi linaweza kuwa gumu kama embe bichi, mtoto akashindwa kulishika. Kamua kidogo lilainike, kisha mpe.

Angalia nepi: choo cheusi kigeuke kijani, halafu manjano, na kufikia siku ya 5 akojoe mara 6 au zaidi kwa siku. Lakini kama siku ya 4 imefika na titi bado tupu, au wakati wowote akiwa hakojoi, haamki kunyonya au macho yamekuwa ya manjano, mrudishe hospitali siku hiyo hiyo. Na wewe ukiwa na homa, au damu ikizidi kutoka, nenda ukaangaliwe: huenda kipande cha kondo kimebaki, nacho huzuia maziwa kushuka. Usingoje tarehe ya kliniki.