Somo: Maji ya bomba Mwanza, kutoka mita hadi kikombe

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi bomba, nimechimba mitaro kuanzia Igoma hadi Pasiansi, na somo hili niliahidi tangu masika. Samahani kwa kuchelewa.

Wiki mbili zilizopita niliitwa nyumba moja Nyakato. Mama mwenye nyumba alikuwa amekwisha kutoa hukumu: "Fundi, maji ya bomba yanatumalizia watoto." Nikaomba glasi ya kioo, nikakinga penye mita. Maji angavu, klorini inanukia kwa mbali. Nikapanda ngazi hadi kwenye simtanki. Mfuniko wake ulikuwa kipande cha bati kilichokandamizwa na jiwe. Ndani nikakuta tope la unene wa kidole, mjusi kafiri aliyevimba, na kandambili moja ya mtoto, ya bluu. Mama akapanda mwenyewe kuchungulia. Akashuka kimya, kisha akasema, "Hiyo kandambili tuliitafuta Pasaka."

Maji yetu yanavutwa ziwani, pale Capri Point na Butimba, ambako mtambo mpya una uwezo wa lita milioni 48 kwa siku. Yanasafishwa na kutiwa klorini kabla ya kuingia bombani. Tunapenda kubishana kuhusu mtambo, lakini sehemu kubwa ya uchafu ninaokutana nao kazini naukuta baada ya mita. Kipande hicho ni cha kwako na familia yako, na ndicho somo la leo.

Hatua ya 1: Glasi tatu

Tafuta glasi tatu za kioo, zisiwe za plastiki. Ya kwanza kinga penye koki ya mita, ya pili jikoni kwenye bomba linalotoka kwenye tangi, ya tatu chota kwenye ndoo au jagi la kunywea. Zipange mbele ya karatasi nyeupe, uziache saa moja.

Maji ya kahawia yenye chenga zinazozama ni tope au kutu. Rangi ya kijani pamoja na harufu ya udongo mbichi ni dalili ya mwani, na tangi linalopenyeza mwanga huuotesha vizuri sana. Harufu ya klorini penye mita ni habari njema. Ikiwa mita inanukia na jikoni hakuna kitu, klorini imetumika njiani kupigana na uchafu, na hapo tangi ndilo mshukiwa.

Ila macho yasikudanganye. Bakteria wa kuhara hawaonekani, na maji yenye homa ya matumbo yanaweza kung'aa kama ya chupa. Ukipata vile vikaratasi vya kupimia klorini, tazama kama inasoma angalau miligramu 0.2 kwa lita. Ukitaka jibu la uhakika nenda maabara ya ubora wa maji ya wizara, ipo hapa hapa Mwanza. Omba chupa yao, usipeleke ya soda. Ndani ina dawa ya kuzima klorini, kwa hiyo usiisuuze. Iweke kwenye barafu na uifikishe siku hiyo hiyo, ndani ya saa 6 ikiwezekana. Kiwango cha E. coli, yaani bakteria wa kinyesi, kinachokubalika kwenye mililita 100 za maji ya kunywa ni sifuri.

Hatua ya 2: Kipande cha mita hadi tangi

Wakazi wa milimani, Bugando, Isamilo, Igogo, nyie mgao mnaujua. Bomba likikauka linageuka mrija. Popote penye ufa hufyonza kilicho nje, na nje mara nyingi ni mtaro wa majitaka. Maji yakirudi, yale ya kwanza ndiyo yanayobeba kila kitu. Kwa hiyo yakirudi, usiyaelekeze kwenye tangi mara moja. Fungua koki ya chini uyaache yatiririke hadi yawe safi. Usiyamwage, yapigie deki au mwagilia mchicha.

Fukua kidogo pale bomba lako linapopita. Kama limekatiza ndani ya mtaro, lihamishe, na kama limefungwa kwa mpira wa baiskeli, wewe mwenyewe unajua. Na wale wenye pampu inayovuta moja kwa moja kwenye bomba la mtaa: haitakiwi. Unamkausha jirani, halafu unafyonza uchafu wa nyufa zote za mtaa kuuleta kwako. Jaza kwanza tangi la chini kwa nguvu ya bomba lenyewe, kisha pampu ipandishe kutoka hapo.

Hatua ya 3: Kuosha tangi

Hapa tukae kidogo, maana ndipo watu wanapodanganyana. Kumwaga maji na kupitisha ufagio hakutoshi.

Toa maji yote hadi tope la chini. Sugua kuta kwa brashi ya plastiki, sio ya waya, kwa sababu mikwaruzo ndiyo makazi ya ule utelezi. Ukipitisha kidole ukutani ukahisi kama mgongo wa kambale, bado hujamaliza. Suuza, toa tena. Kwa tangi la ardhini usiingie peke yako hata siku moja: acha mdomo wazi muda mrefu, mtu abaki juu, na usishuke na jenereta wala jiko la mkaa. Watu wamekufa humo kwa kukosa hewa.

Sasa dawa. Jaza tangi maji safi, utie jiki ya kawaida isiyo na manukato. Soma chupa: kama imeandikwa asilimia 3.5, tangi la lita 1,000 linataka lita moja na nusu, la lita 500 robo tatu ya lita, la lita 2,000 lita tatu. Hapo unapata takriban miligramu 50 za klorini kwa kila lita. Jiki iliyokaa dukani juani hupungua nguvu, kwa hiyo nunua mpya. Fungua kila bomba la nyumba hadi lianze kunukia, kisha funga. Lala. Hayo maji hayanywewi, hayaogewi. Waambie wote, na bandika karatasi jikoni kwa sababu shemeji hakosekani kufika usiku.

Asubuhi yatoe yote kupitia mabomba yale yale, mbali na bustani, na yasielekee ziwani wala kwenye bwawa la samaki. Jaza upya, tiririsha mpaka harufu kali iishe. Na usichanganye jiki na ile dawa ya asidi ya kusugulia choo. Mvuke wake unachoma mapafu.

Kabla hujashuka ngazi: mfuniko wa kujifunga, wavu mdogo kwenye bomba la kumwagia maji ya ziada, na boya lisilovuja. Rudia kila miezi sita, au mapema ukiona tope.

Hatua ya 4: Ya kunywa

Hata tangi likiwa safi, ya kunywa yatibu. Kuchemsha kunatosha: yakitokota kwa mapovu makubwa, yaache dakika moja. Sisi tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, lakini vijidudu hawajali tofauti hiyo, wanakufa. Yapoe ndani ya chombo kile kile yalimochemkia, kimefunikwa.

Mkaa ukiwa ghali, tumia dawa ya klorini ya kutibu maji ya kunywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo, koroga, subiri nusu saa. Yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne na uyaache yatuame, maana tope hula klorini. Shabu na mbegu za mlonge zinatuamisha tope vizuri tu, bibi zetu hawakukosea, ila haziui vijidudu wote. Baada yake bado chemsha au tia dawa.

Hatua ya 5: Kuhifadhi

Ndoo yenye mfuniko na koki chini. Kikombe kisizamishwe, mkono usiingie. Basi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Junior, Buhongwa: Kaka fundi, yangu yanatoka meupe kama maziwa, hasa asubuhi. Ni dawa imezidi?

Hapana dada. Kinga kwenye glasi uangalie: kama weupe unaanza kuondoka chini kwenda juu na ndani ya dakika mbili tatu glasi ni angavu, hiyo ni hewa iliyobanwa bombani. Haina madhara. Ikibaki nyeupe au ikaacha unga chini, nitumie picha.

Kijana wa Kirumba: Mkuu, klorini si sumu? Mjomba ananiambia inaleta saratani, ndiyo maana yeye anakunywa ya kisima.

Kwa maji ya kunywa Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 5 kwa lita, na kwenye bomba tunazungumzia nusu miligramu au chini yake. Harufu ikikukera, acha jagi wazi kidogo friji, au mimina kutoka jagi hadi jagi, itapungua. Mjomba mheshimu, lakini muulize kisima kiko hatua ngapi kutoka choo cha jirani. Na kama kuna mtoto mchanga nyumbani, maji ya visima vilivyozungukwa na vyoo yanaweza kuwa na naitreti, kemikali itokanayo na kinyesi, ambayo hata ukichemsha haitoki.

Mwalimu mstaafu, Igombe: Huku kwetu bomba linasuasua, tunachota ziwani. Kuna siku maji yanakuwa kama rangi imemwagwa. Tukichemsha si inatosha?

Shikamoo mwalimu. Hapo kuchemsha hakutoshi. Ile rangi ya kijani inayoelea ni aina ya mwani ambao baadhi yake una sumu ya ini, na sumu hiyo haifi kwa moto. Ukichemsha unaweza hata kuipasua ikatoka kwa wingi. Siku hizo msichote pale, msioshe watoto, na mifugo isinywe. Chota mahali pasipo utando, au nunua ya bomba. Jingine ni kichocho, ambacho huingia kupitia ngozi. Maji ya kuoga yaliyochotwa ziwani yaache kwenye pipa lililofunikwa siku mbili bila konokono ndani, wale wadudu watakufa, au yachemshe.

Mpangaji wa Mabatini: Mwenye nyumba hataki kusafisha tangi, anasema ni letu sote. Tuko wapangaji saba.

Pole ndugu yangu. Ya kunywa na kupikia kingeni penye koki ya mita, kabla ya tangi. Halafu mmoja apande na simu, apige picha ya ndani, aitume kwenye kundi la nyumba bila maneno yoyote. Nimeona njia hiyo ikifungua pochi ngumu kuliko hiyo. Mkichanga watu saba, jiki na brashi hazitamuumiza mtu.

Fundi mwenzio, Igoma: Mkubwa, lita moja na nusu ya jiki ni kuwatajirisha wenye maduka. Mimi natia nusu kikombe cha chai kwenye ndoo ya lita 20, napaka kuta zote kwa brashi, nasubiri nusu saa, nasuuza. Mbona kazi zangu hazirudi?

Njia yako ni sahihi kwa tangi, mililita mia na kidogo kwenye ndoo inaleta klorini kali ya kutosha kwa kuta, mradi zibaki mbichi nusu saa nzima. Na inaokoa maji, jambo kubwa kipindi cha mgao. Tatizo langu ni mabomba ya ndani ya nyumba, ambayo kwa njia yako hayaguswi. Tangi likiwa limekaa na mzoga, kama lile la Nyakato, mimi najaza lote. Likiwa la kawaida, nakuunga mkono, na nimekuibia mbinu.

Dada wa Nyamanoro: Chujio la mshumaa la udongo nalisafisha na sabuni, linaacha ladha.

Sabuni iache kabisa, inaingia kwenye vitundu vya udongo. Brashi laini na maji yaliyochemshwa tu. Ukiuona ufa hata mwembamba kama unywele, mshumaa huo umekwisha.

Mama Junior, Buhongwa: Asante kaka. Ila umetuacha njiani, ile kandambili ilirudi kwa mwenyewe?

Ilioshwa ikaanikwa juu ya mchongoma. Mtoto alijaribu kuivaa jioni ile, kisigino kikabaki nje.