Nani anaiita feni? Jinsi ya kudhibiti feni ya injini kwenye mitambo mizito

Dereva wa loda alikuja na lalamiko moja tu: mashine imekuwa nzito. Ikizamisha bakuli kwenye lundo la kokoto inakosa nguvu, na dizeli aliyozoea kumalizia siku sasa inaisha kabla ya jioni. Mimi niliisikia loda hiyo kabla sijaiona. Feni ilikuwa inavuma kwa nguvu zake zote, asubuhi na mapema, maji ya rejeta bado ya baridi. Nilipofungua mlango wa nyuma nikakuta plagi ya vali ya feni imechomolewa, waya umekunjwa vizuri na kufungwa kwenye hosi kwa kamba ya plastiki.

Aliyeichomoa alijua anachofanya. Injini ilikuwa inachemsha, akatafuta njia ya kuifanya feni izunguke muda wote, akaipata, na kweli mashine ikaacha kuchemsha. Ila chanzo cha joto kilibaki palepale. Katikati ya intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) na rejeta kulikuwa na tabaka la vumbi lililoshikana na oili, zito kama blanketi, unene wa kidole. Tulitoa ndoo nzima. Tukasafisha, tukarudisha plagi, na feni ikashuka hadi mizunguko 600 hivi kwa dakika. Dereva alisogea karibu akauliza kama injini imezimika.

Ndiyo maana kwenye kazi hii huwa naanza na swali moja: nani anaiita feni? Injini haihitaji feni kwa sababu tu inazunguka. Inaihitaji pale ambapo kitu fulani kimepata joto na kinaomba hewa. Ukimjua anayeomba, unajua pa kushika. Usipomjua utabadilisha thamostati (vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta), utabadilisha pampu ya maji, mwisho utachomoa plagi.

Kwa nini mwendo wa feni una gharama kubwa

Hewa inayopita huongezeka sambamba na mwendo wa feni, lakini nguvu inayoliwa huongezeka kwa mwendo kuzidishwa mara tatu kwa wenyewe. Tuseme feni inakula kilowati 24 ikiwa kwenye mizunguko 2,000. Kwenye 1,500 inakula kama 10. Kwenye 1,000 inakula 3 tu, yaani sehemu moja ya nane, na bado inapitisha nusu ya hewa. Kwa hiyo feni iliyoungwa dairekti kwenye mkanda, ikienda na resi ya injini wakati wote, inakunyima nguvu saa zile ambazo haina kazi. Kwa mtambo mzito kilowati 20 ni nguvu ya kweli, unaiona kwenye bakuli.

Kuna na upande wa baridi. Injini inayopozwa kupita kiasi inachelewa kufikia joto lake la kazi, na hilo pia linaila injini.

Jua kwanza una feni ya aina gani

Ya mkanda mtupu haina udhibiti wowote, hivyo hatutaizungumzia sana. Angalia mkanda, puli na beringi, basi.

Ya klachi ya silikoni ina kichwa kama sahani katikati ya feni, na mbele yake kuna utepe wa chuma uliojiviringisha kama spring ya saa. Utepe huo ndio unaohisi joto la hewa inayotoka kwenye rejeta, kisha unafungulia mafuta mazito ya silikoni yaishike feni. Zingatia neno hewa. Utepe hauhisi maji. Rejeta ikiziba kwa nje, hewa haipiti sawasawa, utepe unadanganyika, feni inalegea huku maji yanachemka. Nimewaona mafundi wakinunua klachi mpya kwa tatizo la uchafu. Kuipima ni rahisi: injini imezimwa na funguo umeiweka mfukoni mwako, zungusha feni kwa mkono. Ikiwa baridi iwe na ukinzani kidogo, ikiwa ya moto ukinzani uongezeke. Ikizunguka yenyewe mara nyingi baada ya kuisukuma, au ukiona michirizi ya mafuta inayotoka katikati kwenda nje, silikoni imevuja. Kuvuma kwa dakika moja au mbili unapowasha asubuhi si ugonjwa. Silikoni iliyolala usiku inahitaji muda kurudi kwenye chumba chake.

Ya klachi ya upepo (hewa ya kompresa) hushika au huachia kabisa, hakuna katikati. Hapa hakikisha unajua kama upepo ndio unaoshikisha au ndio unaoachisha. Nyingi zimetengenezwa ili upepo ukipotea spring ishikishe na feni ifanye kazi, lakini si zote, na ukikosea utapima mambo kinyume.

Ya haidroliki ndiyo iliyojaa kwenye loda, greda na eskaveta za siku hizi. Pampu inasukuma oili kwenye mota, mota inazungusha feni, na vali ya umeme inaamua presha. Hii ndiyo ya kukaa nayo, kwa sababu ndiyo inayowachanganya wengi.

Haidroliki: umeme ukikatika, feni inakwenda mbio

Kwenye mifumo mingi ya aina hii, kompyuta ikitaka feni ipunguze mwendo inaongeza umeme kwenye vali. Ikitaka ikimbie inapunguza. Waya ukikatika, plagi ikitoka, fyuzi ikiungua, feni inapanda hadi mwisho. Mtengenezaji alichagua hivyo kusudi: bora dizeli ipotee kuliko injini iungue. Kwa hiyo ukikuta feni inavuma bila kukoma, anza na waya na plagi, wala usikimbilie pampu.

Utaratibu wangu wa kurekebisha ni huu. Washa mtambo, ufanye kazi hadi oili ya haidroliki ifike nyuzi 50 hivi. Bandika kipande cha karatasi inayong'aa kwenye bapa moja la feni injini ikiwa imezimwa, uweze kupima mizunguko kwa takometa ya mwanga ukiwa nje ya kava. Funga geji ya presha kwenye mlango wa kupimia. Kisha chomoa plagi ya vali, pandisha injini hadi resi iliyoandikwa kwenye kitabu cha mtambo, na usome mizunguko ya feni. Huo ndio mwendo wa juu. Kama umezidi au umepungua, rekebisha skrubu ya presha kidogo kidogo, robo mzunguko, subiri, soma tena. Usiivuke namba ya kitabu hata kidogo. Feni yenye kipenyo cha sentimita 90 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, ncha ya bapa inakwenda karibu mita 94 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 330 kwa saa. Bapa likivunjika kwenye mwendo huo halichagui pa kwenda.

Ukiridhika, rudisha plagi. Injini ikiwa na ubaridi wa kutosha, feni ishuke hadi mwendo wa chini. Isiposhuka, pima umeme unaofika kwenye vali. Umeme upo na feni haishuki: vali imekwama, mara nyingi kwa uchafu. Umeme haupo: rudi kwenye swali letu, kuna mtu anaiita feni.

Ukitaka kujua feni inakula nguvu kiasi gani, zidisha lita kwa dakika na presha kwa bar, gawanya kwa 600. Lita 60 kwa bar 200 ni kilowati 20. Mwoneshe mwenye mtambo hesabu hiyo. Mimi nimeona inamshawishi kuliko maelezo marefu.

Kumtafuta anayeita

Feni moja ina mabwana wengi. Maji ya injini, hewa inayoingia kwenye injini baada ya turbo, oili ya haidroliki, oili ya giaboksi, presha ya gesi ya kiyoyozi, hata breki ya injini, maana feni ikikimbia inasaidia kuizuia injini kwenye mteremko. Kompyuta inamsikiliza anayepiga kelele zaidi.

Greda moja ilinisumbua siku mbili kwa hili. Maji nyuzi 84, oili ya haidroliki 60, kila kitu shwari, feni iko juu. Mwisho nikazima kiyoyozi na feni ikashuka. Kondensa, yaani rejeta ya kiyoyozi, ilikuwa imejaa mbegu za nyasi, presha ya gesi ikapanda, swichi yake ikaita feni kila dakika. Mbegu hizo ndizo zilizokuwa zinakula dizeli ya siku nzima.

Kama mtambo wako unazungumza kwa J1939, lugha ya mawasiliano ya kompyuta za mitambo mizito, kazi ni nyepesi. Kwenye kifaa cha kusomea tafuta namba 110, ambayo ni joto la maji, 975 ambayo ni asilimia ya mwendo wa feni, na 1639 ambayo ni mizunguko yenyewe. Halafu tafuta 977. Hiyo ndiyo inayojibu swali kwa namba: 4 ni maji ya injini, 6 ni oili ya haidroliki, 11 ni kiyoyozi, 13 ni breki ya injini. Si kila mtambo unatuma zote, lakini ikiwepo hiyo 977 umeokoa nusu siku.

Bila kifaa, pima sensa. Itoe, itumbukize kwenye kopo la maji ya moto pamoja na kipimajoto, shika nyaya za multimita kwenye miguu yake. Sensa nyingi za maji hushuka ukinzani kadiri joto linavyopanda. Aina iliyoenea sana inasoma kama ohm 2,500 kwenye nyuzi 20, na karibu ohm 320 kwenye nyuzi 80. Maji yakipoa, namba zipande taratibu bila kuruka. Zikiruka, sensa imekwisha hata kama namba ya mwisho ni sahihi. Na ukiona kompyuta inaonesha maji yako nyuzi 40 chini ya sifuri, hakuna barafu hapo: waya umekatika, na kompyuta ikishamkosa mpashaji habari wake huiamrisha feni ikimbie.

Kupanga joto la kuanzia

Ukiwa na kidhibiti kinachopangika, iheshimu thamostati. Thamostati inayoanza kufunguka kwenye nyuzi 82 inafunguka kabisa karibu na 95. Ukiianzisha feni kwenye 80, unapooza rejeta ambayo maji bado hayajaruhusiwa kufika, na baadaye feni na thamostati zinavutana, mmoja anafungua mwingine anapooza. Kwa thamostati ya namna hiyo mimi huanza kwenye 90 na kufika mwendo wa juu kwenye 98, kitabu cha mtambo kikiruhusu. Oili ya haidroliki ipewe mstari wake yenyewe, usiifiche nyuma ya maji, kwa sababu eskaveta inayochimba mwamba inaweza kuchemsha oili wakati maji yako salama.

Kwa klachi ya kushika na kuachia, weka pengo: ishike kwenye 96, iachie kwenye 90. Bila pengo itashika na kuachia kila nusu dakika hadi iungue. Na mwendo usipande ghafla. Sekunde 5 hadi 10 kutoka chini hadi juu zinaokoa mota, hosi na mkanda.

Feni inayogeuza mwelekeo ili kupuliza uchafu inataka uangalifu zaidi. Lazima ishuke kwanza, isubiri, igeuke, ndipo ipande. Ukiigeuza ikiwa mbioni, presha inapiga kama nyundo. Usiruhusu igeuke oili ikiwa baridi na nzito, wala injini ikiwa imekaribia kuchemsha, kwa sababu wakati inapuliza nje hakuna upoozaji wa maana. Kwenye vumbi jingi sekunde 30 kila dakika 20 zinatosha kwa mitambo mingi niliyoishughulikia. Na hakikisha hakuna mtu nyuma: vumbi lote linatoka kwa pigo moja, linaingia machoni.

Usafi, tena

Hakuna mpangilio wa kompyuta unaoweza kuisaidia rejeta iliyoziba. Puliza kinyume na njia ya hewa, injini ikiwa baridi, bomba likiwa limenyooka mbele ya mapezi na si kwa pembe, la sivyo yatalala. Penye oili tanguliza sabuni ya kukata grisi, vinginevyo unatengeneza tope. Tenganisha rejeta na intakula uangalie katikati, kwa tochi. Uso wa nje unaweza kung'aa huku katikati kumeziba kabisa.

Kisha tazama kava la feni. Likiwa limepasuka au mpira wake umetoka, hewa ya moto inarudi mbele na kuzunguka humo humo. Na mfuniko wa rejeta ukaguliwe: wenye presha ya bar 1 unayafanya maji yasichemke hadi kama nyuzi 120. Mpira wake ukichoka, injini itachemsha kwenye joto ambalo feni bado inaliona la kawaida. Usiufungue ikiwa ya moto, hata ukiwa na haraka kiasi gani.

Ile loda ilirudi baada ya wiki tatu kwa huduma ya kawaida. Plagi ilikuwa mahali pake. Kwenye mlango wa nyuma dereva alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe: "Puliza hapa kila Jumamosi."