Jinsi ya kupima upepo wa mchezo wa kikapu kwa takwimu

Timu ikipachika pointi nane bila jibu pale uwanja wa Lugogo, Kampala, jukwaa zima husema upepo umegeuka. Huenda ni kweli, lakini makelele hayapimi kitu. Shika daftari.

Kila zamu ya mpira, yaani muda timu moja inapoumiliki, ipe mstari wake: robo, dakika, timu, ilivyoisha, pointi, na watano waliokuwa uwanjani. Zamu huisha kwa kikapu, mpira kupotea, ribaundi ya wapinzani (kudaka mpira baada ya mtupo kukosa) au robo kumalizika. Ribaundi ya mshambuliaji haianzishi zamu mpya. Hapo ndipo wanaoanza hukosea zaidi, na hesabu yote hupinda. Robo ikiisha, linganisha zamu za timu mbili. Zikipishana kwa zaidi ya moja, karibu kila mara kuna ribaundi uliyoiandika vibaya.

Kisha hesabu pointi za kila timu katika zamu zake 10 za mwisho. Mkiwa na 14 na wao 5, mko +9. Chora mstari wa tofauti hiyo, nawe utaona mchezo unavyopanda na kushuka.

Sasa jiulize kama ni bahati tu. Timu inayofunga nusu ya zamu zake, ikicheza zamu 70, ina uwezekano unaozidi nusu wa kukaa zamu tano mfululizo bila pointi, hata kama kila zamu ingeamuliwa kwa kurusha sarafu. Kwa hiyo kata vipande 70 vya karatasi, kila kimoja kikiwa na pointi za zamu moja. Vichanganye kwenye mfuko, vitoe kimoja kimoja, andika ukame (zamu mfululizo bila pointi) mrefu kuliko wote. Rudia mara 100 (jedwali la kwenye simu lenye nambari za nasibu litakuokolea jioni nzima). Ukame wa mechi halisi ukifikiwa mara 30, usiujengee hadithi. Ukifikiwa mara 3 tu, tafuta chanzo.

Chanzo kimo kwenye safu ya "ilivyoisha". Wapinzani wakikosa mitupo mitatu ya pointi tatu bila kukabwa, hiyo ni bahati yenu, na mara nyingi hairudi. Wakipoteza mpira mara nne mbele ya ulinzi wa uwanja mzima, huku mchezeshaji wao yuko benchi na faulo nne, akiogopa ya tano itakayomtoa, hapo mmeshika mchezo kweli. Endeleeni kubana.

Taimauti, mapumziko mafupi anayoomba kocha, ndiyo hudanganya makocha wengi. Kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, zinatoa mbili kipindi cha kwanza na tatu cha pili, na kwa kawaida kocha huiomba akiwa amezidiwa kabisa. Wapinzani wakipoa baadaye, sifa huenda kwa taimauti, ilhali moto wa namna ile hupoa wenyewe. Kusanya mifululizo yote ya 8-0 ya msimu, tenga iliyokatwa kwa taimauti na isiyokatwa, halafu linganisha zamu 10 zilizofuata kila upande.