Leseni ya mchambuzi wa tabia Marekani, kwa wanaohudumia watu wazima wenye usonji

Cheti cha BCBA, yaani cha mchambuzi wa tabia (mtaalamu anayesaidia watu kubadili tabia), si leseni. Cheti hutolewa na BACB, bodi inayothibitisha wachambuzi wa tabia. Leseni ni ya jimbo, na majimbo mengi hayatakuruhusu kugusa kazi bila hiyo.

Kupata cheti, unahitaji shahada ya uzamili, kwa kawaida saa 2,000 za vitendo chini ya msimamizi, kisha mtihani wa maswali 185 kwa saa nne. Saa ndizo huumiza wengi: kila mwezi zisipungue 20 wala kuzidi 130, na fomu ya kuthibitisha saa za mwezi, mfano ya Machi, isainiwe kabla Aprili haijaisha.

Mteja akishatimiza miaka 18, kwa kawaida fomu ya ridhaa, yaani ya kukubali huduma, husaini mwenyewe. Saini ya mama haitoshi, labda mahakama iwe imemteua mlezi. Omba nakala ya amri hiyo ya mahakama, uiweke kwenye faili.