Unataka kupima akili hisia ya wanachuo? Soma hii kabla hujachapa dodoso

Akili hisia (emotional intelligence) ni namna mtu anavyotambua, kutumia na kudhibiti hisia, zake na za wengine. Kwanza kabisa amua unapima nini, maana hapa kuna vitu viwili vinatumia jina moja na watu wanavichanganya hadi siku ya kutetea tasnifu. Kuna uwezo, yaani unampa mtu kazi aifanye, mfano anaonyeshwa sura ya mtu aseme ina hasira au woga kiasi gani. Hapo kipimo kinachojulikana zaidi ni MSCEIT, ni ya akina Mayer na Salovey, wanasaikolojia walewale walioipa dhana hii sura ya kitaaluma mwaka 1990, toleo lake la 2002 lina maswali 141 na ni ya kulipia. Halafu kuna kujipima, mwanafunzi anajaza anavyojiona yeye mwenyewe. Majibu ya njia hizi mbili huwa hayaendani sana, kwa hiyo ukitumia dodoso la kujipima usije ukaandika "wanafunzi wana uwezo mkubwa", andika wanajiona hivyo basi.

Wengi wetu tunaishia kwenye kujipima, bei ndo inaamua. Dodoso la Schutte na wenzake la 1998 ina sentensi 33, kila moja jibu 1 hadi 5, jumla inaanzia 33 inaishia 165. Wong na Law ya 2002 ni fupi, sentensi 16 tu, na inakupa sehemu nne: hisia zako, hisia za wengine, kuzitumia na kuzidhibiti. Kama dodoso lako lina mambo mengine kibao chukua hiyo fupi, mtu akichoka anaanza kujaza 4, 4, 4 mpaka mwisho.

Sasa tafsiri, hapa ndo pagumu. Neno "nahisi" kwa Kiswahili mtu analisoma kama "nadhani", ukiandika "nahisi wenzangu wana huzuni" anajibu kuhusu kukisia. Mpe mmoja atafsiri, mwingine ambaye hajaona ya mwanzo airudishe kwenye Kiingereza, halafu mlinganishe, kisha keti na wanafunzi kama kumi hivi uwaulize wameelewaje kila sentensi.

Kwenye Schutte namba 5, 28 na 33 zimegeuzwa, kukubali kunamaanisha alama ndogo, so unachukua 6 unatoa jibu lake. Mimi nilisahau, alfa ya Cronbach (namba inayoonyesha sentensi za dodoso zinaendana kiasi gani) ikagoma kufika 0.70 nikawalaumu wanafunzi siku mbili nzima kumbe kosa ni langu 😅

Usiwaandikishe majina, na wasijaze mbele ya mwalimu anayewasahihishia mitihani, hapo kila mtu anageuka malaika. Wiki ya mitihani yenyewe iache kabisa, utapima presha ya mitihani uiite akili hisia.