Kuunda Programu ya Daftari la Mwani kwa Kumtumia Wakala wa Akili Mnemba: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuunda programu ndogo ya kutunza hesabu za kikundi cha wakulima wa mwani kwa kumtumia wakala wa akili mnemba, yaani programu inayopokea maelekezo kwa lugha ya kawaida, ikasoma na kuandika mafaili katika kompyuta yako, ikaendesha amri, ikatazama matokeo, kisha ikajirekebisha mpaka kazi ikamilike. Nimechagua mwani kwa sababu ni kazi inayoendesha nyumba nyingi Unguja na Pemba tangu kilimo hicho kilipoanza kibiashara mwishoni mwa miaka ya 1980, na kwa sababu daftari la kikundi cha mwani limejaa kanuni ambazo kila mwanakikundi anazijua na hakuna aliyeziandika. Wakala anaijua Python, lugha ya kuandikia programu, vizuri kuliko wengi wetu, lakini hajawahi kusimama mbele ya mizani ya Micheweni, kule Pemba. Asichoambiwa atakikisia, na makisio yake yatatoka katika msimbo (maandishi ya programu) safi unaofanya kazi bila ya kulalamika, huku mama mmoja akipunjwa elfu kumi kila bamvua (kipindi cha maji makubwa ya bahari).

Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu yale yanayofanyika kabla ya msimbo kuandikwa.

Hatua ya kwanza: soma daftari pamoja na anayeliandika

Nenda siku ya kupima mwani, ukae karibu na katibu wa kikundi. Usianze kwa kumuuliza anataka programu ya namna gani, kwa kuwa swali hilo humlazimisha abuni vitu ambavyo huenda hatavitumia. Muombe akusomee ukurasa mmoja, mstari kwa mstari, na kila penye alama, mkato au maandishi ya pembeni umuulize kilitokea nini. Mstari uliokatwa kwa kalamu nyekundu huenda ni polo (gunia la mwani) lililorejeshwa kichanjani, mahali pa kuanikia, kwa kuwa mwani wake haukukauka. Namba iliyozungushiwa duara huenda ni deni la kamba na taitai (vikamba vya kufungia mwani) alilochukua mkulima mwanzoni mwa msimu. Wakulima wawili wenye majina matatu yanayofanana huenda wanatofautishwa kwa jina la mtaa, na hilo peke yake linatosha kukuonyesha kwamba jina haliwezi kuwa kitambulisho katika hifadhidata, na kwamba kila mwanakikundi lazima awe na namba yake.

Andika yote hayo kwa maneno yanayotumika pale pale: polo, kichanja, bamvua, maji mafu (kinyume cha bamvua), na spinosamu na kotonii, ambazo ni aina za mwani. Maneno hayo ndiyo yatakayokuwa majina ya majedwali na safu za hifadhidata. Wapo wanaoshauri kila jina ndani ya msimbo liwe la Kiingereza, nami siafikiani nao katika kazi ya aina hii, kwa sababu kijana wa kikundi atakayeirithi programu ataelewa mara moja safu inayoitwa uzito_wa_polo_tupu, na katibu mwenyewe ataweza kuonyeshwa jedwali akalikagua.

Usinakili majina halisi ya watu wala madeni yao ukampa wakala. Tengeneza wakulima wa mfano, kina Bi Mize na Bi Time wasiokuwepo, wenye mizigo na madeni ya kubuni. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata kama isingekuwepo, deni la mtu ni siri yake na ya kikundi chake, na wakala wengi hutuma kile wanachokisoma kwenye seva zilizo mbali na visiwa hivi.

Hatua ya pili: andaa kompyuta

Hapa hapahitaji maneno mengi. Unahitaji Python, Git (programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili) na wakala mmoja anayefanya kazi katika dirisha la amri au ndani ya kihariri cha msimbo. Hifadhidata iwe SQLite, ambayo huweka taarifa zote katika faili moja, haihitaji seva, na huja pamoja na Python kupitia moduli ya sqlite3. Intaneti itahitajika wakati wa kuunda tu. Programu yenyewe lazima ifanye kazi hata mtandao ukikatika wiki nzima. Fungua folda mpya, endesha amri ya git init, inayoanzisha Git katika folda hiyo, na katika mipangilio ya wakala umtake aombe ruhusa kabla ya kuendesha amri yoyote inayofuta faili, inayosakinisha kitu, au inayotoka nje ya folda hiyo.

Hatua ya tatu: andika faili la kanuni za kudumu

Wakala hakumbuki mazungumzo ya jana, na hata mazungumzo ya leo yakirefuka sana huanza kupoteza yaliyosemwa mwanzo. Kwa sababu hiyo kila jambo la kudumu liwe katika faili. Wakala wengi husoma faili liitwalo AGENTS.md lililo katika folda ya mradi, na baadhi yao wana jina lao wenyewe la faili la namna hiyo. Faili langu kwa mradi kama huu lingeanza hivi:

"Fedha zote zihifadhiwe kwa shilingi, kwa namba kamili. Uzito wote uhifadhiwe kwa gramu, kwa namba kamili. Usitumie namba za desimali katika hesabu ya malipo. Mstari wa malipo ukishaandikwa haubadilishwi wala haufutwi. Kosa husahihishwa kwa mstari mpya unaotaja mstari wa zamani. Bei ihifadhiwe ndani ya kila mstari kama ilivyokuwa siku ya kupima. Usiongeze maktaba yoyote ya nje bila ya kuuliza. Usibadilishe jaribio lolote ili lipite. Likishindwa, eleza sababu na usubiri."

Maktaba ya nje ni msimbo ulioandikwa na watu wengine, na jaribio ni msimbo mfupi unaopima kama programu inatoa jibu linalotakiwa. Kanuni ya namba kamili ina sababu yake: kompyuta huhifadhi desimali nyingi kwa makadirio, kiasi kwamba katika Python 0.1 ukijumlisha na 0.2 hupati 0.3 kamili. Kanuni ya mwisho ndiyo ninayoithamini zaidi. Wakala aliyeagizwa kuhakikisha majaribio yote yanapita anaweza kulilegeza jaribio badala ya kurekebisha hesabu, na asiposomwa kwa makini hutagundua.

Hatua ya nne: mtake wakala aulize kwanza

Sasa mpe maelezo uliyoyakusanya, na maelekezo yako ya kwanza yawe haya: "Usiandike msimbo wowote. Soma maelezo haya, kisha niulize maswali, moja baada ya jingine, kuhusu kila jambo ambalo ungelazimika kulikisia. Nikimaliza kujibu, andika waraka wa maelezo kwa Kiswahili, katika faili maelezo.md."

Hii ndiyo saa yenye faida kubwa kuliko zote. Maswali mengine utayajibu mwenyewe. Mengine utayarejesha kwa kikundi, na huko utakuta mara nyingi kwamba wanakikundi wenyewe hawakuwa na jibu moja. Chukua suala la deni. Mkulima amechukua kamba na taitai za shilingi 40,000, na leo ameleta polo la spinosamu lenye uzito wa kilo 62.4, ambapo polo tupu ni kilo 1.2. Kwa bei ya mfano ya shilingi 900 kwa kilo, kilo 61.2 zinampa shilingi 55,080. Wakala asiyeambiwa kitu atakata deni lote, amlipe 15,080, na hesabu itakuwa sahihi kabisa kihisabati. Lakini tuseme kikundi kimekubaliana kwamba deni halikatwi zaidi ya nusu ya malipo ya siku moja, ili mtu asirudi nyumbani mikono mitupu. Hapo makato ni 27,540, anapokea 27,540, na deni linabaki 12,460. Je, malipo yakiwa namba witiri, kwa mfano 55,081, shilingi moja inayobaki inakwenda wapi? Kikundi kiamue, mimi ningependekeza imwendee mkulima. Uamuzi huo uandikwe katika waraka pamoja na namba zake, si kwa maneno matupu.

Waraka ukikamilika, msomee katibu kwa sauti. Yeye ndiye mwenye mamlaka ya kusema sivyo.

Hatua ya tano: geuza mifano iwe majaribio

Kabla ya kuomba programu, omba majaribio. Kila mfano wa hesabu uliokubaliwa katika waraka uwe jaribio moja katika moduli ya unittest ya Python, na jibu sahihi liwe lile lililopigwa kwa mkono na watu. Usimwache wakala atoe majibu sahihi mwenyewe, maana akikosea kuelewa kanuni atakosea katika jaribio na katika msimbo kwa namna moja, na vyote viwili vitakubaliana.

Mbali na deni, weka majaribio ya saa. Katibu anaandika kwamba polo lilipokewa saa 2 asubuhi, naye ana maana ya 08:00 katika kompyuta. Saa 8 mchana ni 14:00, saa 12 jioni ni 18:00, na saa 8 usiku ni 02:00, ambapo tarehe ya kompyuta imekwisha kugeuka. Kujumlisha saa sita peke yake hakutoshi, kwa sababu bila ya neno asubuhi, mchana, jioni au usiku hakuna anayejua ni saa ipi kati ya mbili. Programu ikatae saa isiyo na neno hilo. Liko pia suala la siku: kwa wazee wengi siku huanza magharibi, na anayesema usiku wa Ijumaa huenda anakusudia usiku wa kuamkia Ijumaa. Njia salama ni kwamba skrini imwonyeshe katibu siku na tarehe kamili kabla hajathibitisha.

Endesha amri ya python -m unittest. Majaribio yote yanapaswa kushindwa, kwa kuwa programu haijaandikwa. Jaribio linalopita sasa hivi halipimi kitu, na liondolewe au liandikwe upya.

Hatua ya sita: mpango, kisha kazi ndogo ndogo

Mtake wakala asome maelezo.md na faili la kanuni, aandike mpango.md unaoeleza majedwali na sehemu za programu, kisha agawe mpango huo katika kazi ambazo kila moja inaweza kukamilika na kukaguliwa kwa mkao mmoja. Ziko zana zinazokuongoza katika mtiririko huu; GitHub, kwa mfano, ilitoa Spec Kit mwaka 2025, yenye mpangilio wa kanuni, maelezo, mpango, kazi na utekelezaji. Ni zana nzuri kwa timu. Kwa mtu mmoja na programu ndogo, mafaili yako matatu, AGENTS.md, maelezo.md na mpango.md, yanatosha, na yana faida ya kuwa unayaelewa yote.

Angalia mpangilio wa kazi zenyewe. Wakala hupenda kuanza na skrini kwa sababu ndiyo inayoonekana. Mwambie aanze na hesabu ya malipo, ifuate hifadhidata, na skrini ije mwisho.

Hatua ya saba: tekeleza kazi moja kwa wakati mmoja

Kwa kila kazi fungua mazungumzo mapya na tawi jipya la Git, yaani njia ya pembeni ya kufanyia mabadiliko bila ya kugusa kazi iliyokwisha kukubaliwa. Maelekezo yawe mafupi: "Soma AGENTS.md, maelezo.md na mpango.md. Tekeleza kazi ya 3 peke yake. Ukimaliza endesha majaribio yote, unionyeshe matokeo." Kisha soma mabadiliko yote kwa amri ya git diff, inayoonyesha mistari iliyobadilika, kabla ya kuyakubali. Ukikuta faili limeguswa ambalo kazi hiyo haikulihusu, uliza kwa nini. Ukikuta jina la maktaba usilolijua, usiisakinishe mpaka uhakikishe kwamba ipo kweli na inaaminika, kwa sababu mifumo hii huweza kutaja maktaba zisizokuwepo, na wako watu waovu wanaozisajili kwa majina hayo wakaweka humo msimbo wa wizi.

Wakala akishindwa mara mbili katika jambo lile lile, usiendelee kumsukuma katika mazungumzo yale yale. Rejesha tawi lilivyokuwa, rudi katika waraka, na utafute sentensi yenye utata. Karibu kila mara ipo.

Hatua ya nane: mkaguzi asiyeshiriki kuandika

Kazi zote zikikamilika, fungua mazungumzo mengine ambayo hayana historia yoyote, umpe wakala nafasi ya ukaguzi tu, bila ya ruhusa ya kuandika. Muulize ni sentensi gani katika maelezo.md haina jaribio, na ni mstari gani wa msimbo unaofanya jambo ambalo waraka haukulitaja. Maswali hayo mawili huleta majibu ya maana kuliko kumuuliza kama msimbo ni mzuri. Majibu yake uyahakiki mwenyewe; naye pia hukisia.

Hatua ya tisa: programu na daftari kwa pamoja

Usimnyang'anye katibu daftari lake. Kwa bamvua mbili mfululizo, kila polo liandikwe kote kuwili, na jioni jumla zilinganishwe mkulima kwa mkulima. Tofauti yoyote ichunguzwe siku hiyo hiyo, wakati wahusika bado wanakumbuka. Ikionekana kwamba daftari ndilo lililokosea, kikundi kielezwe kwa heshima na mstari wa masahihisho uandikwe. Ikionekana kwamba programu ndiyo iliyokosea, mfano huo uingie katika waraka kwanza, kisha uwe jaribio linaloshindwa, na hapo tu ndipo wakala aitwe kurekebisha msimbo.

Nakala ya akiba itolewe kila siku ya kupima kwa njia ya backup iliyomo katika moduli ya sqlite3, wala si kwa kunakili faili wakati programu imefunguliwa, kwa kuwa nakala hiyo inaweza kutoka na kasoro. Iwekwe katika fleshi mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, na kabla kikundi hakijaamua kuliweka daftari kando, fleshi moja ichukuliwe kwenye kompyuta nyingine, hifadhidata ifunguliwe, na katibu mwenyewe asome humo deni la mkulima yeyote atakayemchagua.